Kenchi Kumi na Moja

9 Novemba

Kaka Timazi,

Shikamoo. Naandika kwa mkono mmoja. Mwingine nimeukalia ili upate moto. Ukiona mwandiko unapinda usiseme chuo kimenipotosha, sema baridi.

Kazi nimeanza. Ofisi ni chumba kirefu ghorofa ya tatu, meza nane za kuchorea, na dirisha ambalo asubuhi lazima ulikwangue ndipo uone mtaa. Mkuu wangu ni mzee mfupi mwenye penseli nyuma ya sikio, haitoki hata akila. Mwenyewe namwita Mzee Penseli, moyoni tu. Siku ya kwanza alinitupia kitabu mezani, kinene kama tofali la msingi: kanuni za ujenzi za huku. Akasema, "Soma sura ya theluji na sura ya upepo. Ukimaliza, soma tena."

Kaka, kumbe theluji ni mzigo! Sisi paa tunalipigia hesabu ya bati, mbao, na fundi mwenye kitambi atakayelipanda. Huku kabla ya yote hayo unaweka kilo mia na hamsini kwa kila mita ya mraba, za kitu ambacho ukikishika kinayeyuka. Na hakikai sawasawa. Upepo unakizoa upande mmoja unakirundika upande wa pili, nyuma ya kila ukuta mrefu, kwa hiyo paa moja lina hesabu tano. Nimepewa paa la karakana ya mabasi. Juzi nilikokotoa kutwa nzima. Mzee Penseli akaja, akasoma kurasa zote saba kimya kimya, akasema, "Umepata jibu zuri sana la swali lingine." Nilitaka kulia, nikacheka.

Ukumbi wetu vipi? Mchoro wake nimeubandika juu ya kitanda: kenchi ishirini za kubebea paa, kuta nne, milango miwili. Ni kazi yangu ya kwanza yenye sahihi yangu, na mikono ni yako. Mama ameshahamishia cherehani zake? Na macho yake je? Barua aliyoniandikia mistari ilikuwa inapandana.

Nisalimie wifi. Mwambie soksi alizonifumia navaa mbili mbili.

Mdogo wako,
Rula


30 Novemba

Rula, mdogo wangu,

Marahaba. Fundi mwenye kitambi nimemtambua, na kitambi chenyewe kimepungua tangu uondoke, maana hakuna wa kushindana naye mezani.

Barua yako nimewasomea wenzangu kazini wakati wa chai. Mmoja akauliza, "Kama hiyo theluji nzito hivyo, kwa nini wasiinamishe paa ikateleza yenyewe?" Nikamjibu ndiyo maana yeye ni fundi na wewe mhandisi. Fundi anauliza swali, mhandisi anakokotoa mpaka swali linasahaulika. Wamecheka, lakini nikwambie kweli, nilikuwa nimevimba kifua kama njiwa. Dada yangu anapimia watu paa nchi ya watu, kwa kitabu cha watu!

Ukumbi umefunguliwa tarehe kumi na nne. Wasichana thelathini na wawili, cherehani kumi na tisa. Ukipita nje unasikia kama mvua ya mawe. Mama yuko mbele na futi yake shingoni, anawaambia mshono uliopinda haufichwi kwa pasi. Kila kitu kiko kama ulivyochora. Macho yake mazima, uzi anatunga mwenyewe, usijipe presha.

Wifi yako anakusalimu. Anasema ukirudi umletee hiyo theluji kwenye chupa. Nimemwambia itafika maji. Anasema si neno, ataamini tu.

Kula vizuri. Ukishindwa hesabu, lala kwanza. Asubuhi namba zinakuwa na adabu.

Kaka yako,
Timazi


19 Desemba

Kaka,

Shikamoo. Hii isome ukiwa umekaa.

Wiki hii nimeingia sura ya upepo. Nilidhani upepo naujua: unasukuma ukuta, basi. Kumbe unalinyonya paa. Ukipita juu yake unalivuta kwenda juu, kama mtu anayefunua sufuria. Mapaa ya huku mazito, hayafunuki kirahisi. La kwetu ni bati na mbao. Sikufundishwa hivi, au nilifundishwa nikasinzia, sijui.

Jumapili nilibandua mchoro wetu ukutani nikaupigia hesabu upya kwa kitabu cha huku, kwa kasi ya upepo wa kwetu. Misumari uliyopigilia kati ya kenchi na lenta ya juu ya ukuta inastahimili kilo sitini kwa kila mita ya mraba, na hapo uzito wa paa lenyewe nimeshautia. Upepo mkubwa utavuta tisini na moja. Nimerudia mara nne. Tisini na moja.

Nakuwekea mchoro. Ukanda wa chuma, upana wa vidole viwili, unapita juu ya kenchi na kushuka pande zote mbili za lenta, bolti mbili kila upande. Fanya hivyo kila kenchi, mwisho huu na mwisho ule. Chuma chochote kisichopasuka ukikikunja kitafaa.

Mvua kubwa zinaanza Machi na upepo wake unatangulia. Usisubiri. Ukisema utafanya ukipata nafasi, nafasi yako naijua, haijawahi kupatikana. Ni wasichana thelathini na wawili, kaka, na Mama mbele yao. Sahihi iliyo chini ya lile paa ni yangu.

Rula


17 Januari

Kaka yangu,

Shikamoo. Bado sijapata jibu lako, na safari hii naomba liwe limechelewa kwa sababu ya uvivu.

Nimekosea. Juzi nilimwonyesha Mzee Penseli hesabu ya karakana, akaweka penseli yake juu ya mstari mmoja. "Hii dharuba umeitoa wapi?" Nikamweleza. Kitabu tulichosomea chuoni kinakupa upepo wa kawaida, halafu wewe mwenyewe unauzidisha kwa ajili ya ile dharuba inayokuja ghafla. Akanifungulia ukurasa mwanzoni kabisa mwa sura, maandishi madogo chini. Kitabu cha huku dharuba imeshatiwa ndani ya namba. Mimi nimeizidisha mara ya pili. Na kama nimefanya hivyo kwenye karakana, basi na kwenye ukumbi nilifanya vilevile.

Nimerudia hesabu yetu mbele yake. Si tisini na moja, ni arobaini na nane. Misumari yako inashika sitini. Ukumbi ulio na kuta nne hauna neno. Mzee Penseli amesema, "Huyo aliyepigilia hii misumari anajua kazi."

Kwa hiyo usipande. Kama hujaanza, acha kabisa. Kama umeanza, shuka, uendelee kiangazi ukitaka kujifurahisha. Nisamehe kwa kukutia hofu. Nilijiona nimejua kitabu cha watu, kumbe nimejua nusu ukurasa.

Cheka basi, wasomee na wenzako wakati wa chai. Nastahili.

Mdogo wako mwenye aibu,
Rula


SIMU YA MAANDISHI, 26 JANUARI

KAKA YAKO AMETUTOKA JUMAPILI. TUMEMZIKA JANA. BARUA INAKUJA. WIFI.


6 Februari

Wifi yangu,

Pole. Mimi si mwandishi kama nyinyi wawili, utanisamehe.

Alishikwa na homa. Siku tatu, Ijumaa, Jumamosi, na Jumapili hakuamka. Daktari alikuja, hakuwa na la kufanya. Hakuteseka sana. Watu walikuwa wengi, mafundi wote walifunga kazi, na jeneza walilibeba wao wakakataa kupokewa.

Barua zako mbili zimefika. Ile ya mchoro ilimkuta yuko kitandani, hakuisoma. Ile ya pili ya kusema asipande nimeisoma mimi, Alhamisi. Kwa hiyo ujue hakupanda popote. Usije ukajiwekea jambo moyoni.

Mama anakula kidogo. Ukumbi tunautumia kama kawaida. Nimewaambia watu kwamba mhandisi mwenyewe ameandika hakuna hatari.

Usihangaike kuja. Tumeshamaliza kila kitu.

Wifi yako


24 Februari

Wifi,

Asante kwa kuniandikia wakati mkono wenyewe hauna nguvu.

Nilitaka kuja. Hati zangu za kuishi huku ziko serikalini, nikitoka kabla hazijasainiwa sirudi tena. Nilisema basi, sirudi. Mzee Penseli akanikalisha kwenye kiti chake akapiga simu ofisi nne, moja baada ya nyingine. Kote walimjibu mwezi wa sita. Akaniambia, "Ameshazikwa, mwanangu. Huwezi kumuwahi." Sijawahi kumsikia akimwita mtu mwanangu.

Kwa hiyo nakwenda kazini. Nakokotoa theluji. Nikifika kwenye upepo natoka nje kidogo.

Siku ile simu yako ilipofika, mawazo yangu yote yalikuwa kwenye lile paa. Niliketi nikasema nimemuua. Karibu wiki nne nimeishi na neno hilo, mpaka barua yako ikanitoa. Homa. Nimemshukuru Mungu kwa homa, wifi. Naona aibu kukuandikia wewe hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mshike Mama.

Rula


Jumamosi, 23 Januari

(Juu ya bahasha, mhuri wa posta: Imepelekwa kimakosa. Imefika 11 Machi.)

Rula,

Marahaba, na usinune. Barua yako ya mchoro ilifika tangu tarehe saba. Sikujibu kwa sababu nilitaka nikijibu niwe na la kusema.

La kwanza. Nimeshafunga kenchi kumi na moja. Ukanda niliupata kwenye mapipa ya zamani, nikaukata kwa mkasi wa bati mpaka kiganja kikaota sugu mpya juu ya zile za zamani. Wifi yako ndiye msaidizi wangu, ananipitishia bolti kutoka chini na matusi bure. Nimebakiza tisa. Kesho Jumapili ukumbi hauna watu, nitapanda asubuhi, nikijaliwa nitafunga tatu au nne.

La pili ni gumu kidogo. Nilikuandikia kila kitu kiko kama ulivyochora. Si kweli. Ukuta wa magharibi sikuujenga. Tulipofika hapo Mama alikuja kuangalia kazi, akakaa ndani na sindano yake, akajaribu kutunga uzi. Alijaribu mara nane, mdogo wangu. Nilihesabu nikiwa juu ya ngazi, yeye hajui namwona. Halafu akasema, kama vile anatania, "Mngeniachia hapa wazi nikapata jua la alasiri." Ningejenga ukuta gani baada ya hapo? Nikaacha nguzo tu. Macho yake yanakwenda, nimeshampeleka hospitali, wanasema ni polepole lakini hayarudi. Alinikataza kukuambia mpaka umalize mwaka wako wa kwanza.

Nawe mchoro ule ulikuwa unaupenda kama mtoto. Nikasema nitakuambia ukirudi, uuone kwanza jinsi ulivyopendeza na jua linavyoingia, ndipo ugombe.

Sasa umeleta habari za upepo kunyonya, nikaanza kujiuliza. Upepo wa mvua hutokea hukohuko magharibi. Ukiingia kwa kishindo ndani ya ukumbi usio na ukuta upande huo, utatokea wapi? Mimi si msomi, lakini nimeshapuliza mfuko wa karatasi. Nipigie hesabu yake. Mimi huku naendelea kufunga, hesabu itanikuta nimemaliza.

Mzima kabisa, naumwa mabega tu. Wifi yako anapika, ananiita. Nikishakula jioni hii naitia kwenye sanduku la posta.

Timazi


SIMU YA MAANDISHI, 11 MACHI

FUNGENI UKUMBI LEO. MTU ASIINGIE. HATARI NI KWELI. BARUA INAFUATA. RULA.


12 Machi

Wifi,

Natumaini simu imefika na mmenisikia, hata kama mlidhani nimerukwa na akili.

Jana nimepata barua ya kaka. Ilizunguka dunia ndipo ikanifikia. Ameiandika Jumamosi, tarehe ishirini na tatu, jioni. Anasema yu mzima kabisa, anaumwa mabega tu, na wewe ulikuwa unapika. Anasema kesho atapanda.

Mtu mwenye homa ya siku tatu haandiki kurasa mbili za mzaha usiku wa kuamkia kufa kwake. Sikuulizi kwa hasira. Nakuuliza kwa sababu nyumba nzima ninayolala sasa inaniuliza. Alipanda?

Ngoja nikuambie kwanza la ukumbi, maana hilo lina watu hai ndani yake. Barua yangu ya pili nilisema hakuna hatari. Nilisema ukumbi wenye kuta nne. Sikujua kuna upande uko wazi, kaka hakuniambia mpaka barua hii. Upepo ukiingia kwenye upande ulio wazi ukakosa pa kutokea, unasukuma paa kutoka ndani huku ule wa juu unalivuta. Wa juu ni arobaini na nane, hapo sikukosea. Wa ndani ni arobaini na mbili. Jumla tisini. Misumari inashika sitini.

Ile hesabu yangu ya kwanza, ya makosa, ilitoa tisini na moja. Nilizidisha dharuba mara mbili kwa ujinga, yeye akaacha ukuta kwa siri, na tukakutana mahali pamoja. Nimemwonyesha Mzee Penseli. Alikaa nayo muda mrefu, akaondoa penseli sikioni akaiweka mezani. 

Kwa hiyo zile kenchi kumi na moja alizofunga kaka zitashika. Tisa zilizobaki hazitashika. Mtafute fundi, awe na mtu wa pili, awe na kamba kiunoni. Mpaka amalize, mtu asikae ndani, hata kwa kujikinga mvua. Hata Mama.

Kuhusu ukuta, kaka aliuacha kwa ajili ya macho ya Mama. Naomba Mama asijue kwamba uwazi ule umehusika.

Nijibu, wifi. Lolote litakalokuwa.

Rula


27 Machi

Wifi,

Umeuliza, nakujibu.

Alipanda. Jumapili saa mbili asubuhi. Nilimwambia leo ni siku ya kupumzika, mume wangu, kenchi hazina miguu, kesho utazikuta. Akasema, "Rula amesema nisisubiri." Nilikuwa chini nampa bolti. Alikuwa kwenye kenchi ya kumi na mbili, amekanyaga ubao aliouegesha juu ya boriti mbili. Ubao uliteleza. Hakupiga kelele. Hapakuwa na upepo hata wa kuzima kibiriti, wifi. Jua tu, na ndege. Alipofika chini alikuwa bado ameshika bolti mkononi, na ilibidi nimfungue vidole kimoja kimoja kwa sababu sikutaka azikwe nayo.

Hakufa palepale. Alikaa mpaka saa saba mchana. Alizungumza kidogo. Aliniuliza kama imekaza. Nikamwambia imekaza.

Siku ya kumi baada ya maziko ikaja barua yako ya kusema asipande, umekosea hesabu. Niliisoma peke yangu jikoni, nimekaa juu ya ndoo. Nilikuchukia. Sitakuficha, maana kuficha ndiko kumetufikisha hapa. Nilikaa na barua ile nikijua ningeweza kuitia kwenye bahasha nyingine pamoja na maneno matatu, nikakumaliza. Nilichukua karatasi nikaandika hayo maneno. Halafu Mama akaingia akaniuliza, "Unamwandikia mwanangu? Mwambie avae vizuri, huko baridi." Nikachana. Nikaandika homa.

Nikaona nimekutendea wema. Kumbe ningekuambia kweli, kwamba alipanda na kenchi ngapi amefunga, ungeuliza mengine, na la ukuta lingetoka mapema. Mimi nikawaambia watu mhandisi amesema hakuna hatari, wasichana wakarudi ndani, mwezi mzima na zaidi wamekaa chini ya zile tisa.

Simu yako ilifika siku ileile, saa tisa. Nilitoka mbio bila viatu, nikawatoa wote. Wengine walinicheka. Cherehani tuliziburuta mpaka sebuleni kwangu na barazani. Fundi tulimpata, akasema atakuja Jumatatu ya tarehe ishirini na moja. Upepo ulikuja Jumamosi, tarehe kumi na tisa, saa kumi alasiri. Dakika kama kumi tu. Nilikuwa dirishani. Ukumbi ulijaza pumzi, wifi, nakuambia niliona, mabati yalituna. Halafu upande wa mlango wa nyuma ukaondoka wote kwa pamoja, kenchi tisa, mbao na bati, ukaangukia kiwanja cha mpira. Upande aliofunga yeye haukutikisika. Mahali ulipokatikia utadhani umekatwa kwa msumeno.

Hakuna aliyeumia hata kidole.

Sasa watu wanakuja nyumbani. Wazazi wa wale wasichana. Wananishika mkono wanasema mumeo ameokoa nusu ya ukumbi, dada yake ameokoa watoto. Wanaleta vyakula. Nawashukuru. Wakiondoka nafunga mlango. Mimi sikuolewa na nusu ya paa.

Kuhusu Mama, umechelewa. Ndiye aliyeomba ule uwazi, atasahauje? Siku ya upepo alitoka akasimama pale palipotakiwa kuwa na ukuta, akapapasa nguzo. Akasema, "Niliomba jua." Tangu siku hiyo sindano hajaishika. Wasichana wanafundishwa na mimi, nami mshono wangu unaujua.

Sikuchukii tena. Siwezi kusema lini ilikwisha. Labda siku ile uliposema umeshukuru kwa homa, nikaona na wewe umepata yako.

Lakini usiniandikie samahani. Nimechoka nayo, na yangu kwako nimechoka nayo pia. Niandikie habari zake. Mimi nilimpata ameshakuwa mtu mzima, nilikaa naye miaka sita. Wewe una ishirini na zaidi ambayo mimi sina. Kila usiku nazihesabu zangu, nimeshazimaliza. Nipe zako.

Wifi yako


14 Aprili

Wifi yangu,

Nakuwekea mchoro wa ukuta wa magharibi. Nimeweka madirisha manne marefu yenye vioo, jua la alasiri litaingia lote na upepo utabaki nje. Mpe fundi, lakini wewe ndiye msimamizi. Asipofuata, mtimue. Mwezi wa sita nakuja, tarehe nitakuletea nikishaipata, na nitakaa na Mama mpaka aniambie mwenyewe niondoke.

Umesema nikupe habari zake. Nimekaa na karatasi hii siku tatu nikitafuta ya kuchekesha, zipo nyingi, lakini kuna moja inakataa kupisha zingine.

Unajua alikuwa anaogopa kupanda juu?

Najua hujui. Hakuna anayejua. Baba alipofariki, kaka alikuwa na miaka kumi na minne, na kazi aliyopata ilikuwa kwa fundi wa mapaa. Wiki ya kwanza alikuwa anaamka kabla ya Mama, anakwenda nyuma ya choo, anatapika. Mimi nilikuwa na miaka minane. Nilimkuta huko, nikamshikia kikombe cha maji. Akaniambia akipanda ngazi miguu inakuwa kama uzi, na akiwa juu anaona ardhi inamwita. Nikamwambia basi acha. Akacheka, akanifuta uso wangu badala ya wake, akasema, "Nikiacha, utasoma na nini?"

Aliniapisha nisimwambie mtu. Baadaye akabuni mluzi. Ngazi tatu za kwanza anafumba macho na kupiga mluzi, ya nne anafumbua. Watu walisema yule fundi ana furaha, anaimba kazini kama ndege. Siku za uchumba wenu tulikaa barazani kwetu tukimsikia anakarabati bati la jirani, ukaniuliza, "Huyu kaka yako huwa hanuni?" Unakumbuka? Nilikujibu hanuni. Nilishika kiapo.

Miaka kumi na tisa alipanda hivyo. Nilimuuliza mara moja tu, siku niliyomaliza chuo, kama imekwisha. Akasema haijapungua hata kidogo, amezoea tu kwenda nayo.

Nilikuwa najua hivyo, wifi. Katika watu wote duniani ni mimi peke yangu niliyekuwa najua. Na tarehe kumi na tisa Desemba, nimekaa kwenye kiti chenye joto, nikachukua kalamu nikamwandikia asisubiri.

Rula